JABIR BIN HAYYAN: MWANAZUONI WA KIMIA NA VITABU VILIVYOBEBA JINA LAKE

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyewapa waja wake akili na akawahimiza kuitumia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, sahaba zake na wote waliofuata mwendo wao mpaka siku ya malipo.



Katika ukurasa huu wa wasifu tumemchagua Jabir bin Hayyan, ambaye Wazungu wa zama za kati walimwita Geber. Tuna sababu mbili. Kwanza, wanafunzi wetu waliofika sekondari wanasoma somo la kemia, na wengi wao wamesikia kwamba Jabir ndiye baba wa somo hilo. Pili, sisi wakazi wa Turwa na Tarime kwa jumla ni majirani wa dhahabu. Mgodi mkubwa wa North Mara kule Nyamongo ulianza uzalishaji mwaka 2002, na kabla yake na baada yake wachimbaji wadogo wamekuwa wakishuka kwenye maduara kutafuta riziki. Jina la Jabir nalo limefungamana na dhahabu, kwani kwa karne nyingi watu walivisoma vitabu vyake wakitafuta njia ya kuipika dhahabu jikoni. Tumeona ni vyema kueleza habari zake kwa uadilifu, bila kumpunguzia haki yake wala kumzidishia yasiyokuwa yake.

KUZALIWA NA KUKUA KWAKE

Jina lake linalotajwa vitabuni ni Abu Musa Jabir bin Hayyan, na huongezewa nisba za al-Azdi, al-Kufi, at-Tusi na as-Sufi. Al-Azdi ni nisba ya kabila la Azd, kabila kubwa la Waarabu ambalo matawi yake yalienea Yemen, Oman na Iraq. Al-Kufi ni nisba ya mji wa Kufa nchini Iraq. At-Tusi ni ya mji wa Tus katika Khurasan, upande ambao leo ni kaskazini mashariki ya Iran.

Inasimuliwa kuwa alizaliwa Tus yapata mwaka 103 Hijria (721 Miladia). Inasimuliwa pia kuwa baba yake, Hayyan, alikuwa attari wa Kufa, yaani muuza dawa na manukato, na kwamba alikwenda Khurasan kuwaita watu kwa siri wawaunge mkono Bani Abbas dhidi ya watawala wa Bani Umayya. Siri ikafichuka, akakamatwa na kuuawa. Ikiwa masimulizi haya ni sahihi, basi Jabir alikua yatima, na urithi wake kutoka kwa baba ulikuwa ule ujuzi wa mizizi, magamba, mafuta na mawe ambao kila attari huwa nao. Bani Abbas walishika utawala mwaka 132 Hijria (750 Miladia), na mji wa Kufa ukawa miongoni mwa vituo vikubwa vya elimu ya Qur'ani, lugha, fiqhi na tiba.

WALIMU WAKE

Vitabu vinavyobeba jina la Jabir vinamtaja mara nyingi mwalimu aitwaye Ja'far kwa heshima kubwa. Wengi wamefahamu kuwa huyo ni Imamu Ja'far as-Sadiq (r.a.) wa Madina, kitukuu wa Sayyidna Hussein (r.a.), aliyefariki mwaka 148 Hijria (765 Miladia). Imamu huyu alisifika kwa elimu na uchamungu, na miongoni mwa waliochukua elimu kwake ni Imamu Malik na Imamu Abu Hanifa.

Lakini zamani zile zile walikuwako watu wa Baghdad waliosema kuwa Ja'far anayekusudiwa ni Ja'far bin Yahya al-Barmaki, waziri wa Khalifa Harun ar-Rashid. Mawaziri wa ukoo wa Barmaki walikuwa wapenzi wa elimu na walitumia mali nyingi kwa matabibu na wafasiri wa vitabu. Mwaka 187 Hijria (803 Miladia) Harun aliwageukia, Ja'far akauawa na wenzake wakafungwa. Inasemekana Jabir aliyekuwa karibu nao alijificha Kufa mpaka mwisho wa maisha yake. Wengi wanautaja mwaka 200 Hijria (815 Miladia) kuwa ndio wa kufariki kwake.

KIMIA ILIKUWA ELIMU GANI?

Ili tumfahamu Jabir yatupasa tujue kimia ya zamani. Haikuwa sawasawa na kemia tunayoisoma leo. Ilikuwa mchanganyiko wa kazi za mikono, tiba, falsafa za Wayunani na matumaini makubwa. Wenye elimu hiyo waliamini kuwa madini yote ya kuyeyuka yana asili moja. Ndani ya ardhi, walisema, kiberiti na zebaki hukutana na kupikwa na joto kwa muda mrefu sana. Vikikutana vikiwa safi na kwa kipimo kilicho sawa hutoka dhahabu. Vikiwa na uchafu au kipimo kikipotoka, hutoka fedha, shaba, chuma au risasi. Kwa hiyo walidhani kuwa mtu akijua kipimo sahihi anaweza kuisahihisha risasi mpaka ikawa dhahabu, kama tabibu anavyomrudishia mgonjwa afya yake. Dawa hiyo waliyoitafuta waliiita al-iksir.

Wanafunzi watazame pia lugha yetu wenyewe. Zebaki, kiberiti, risasi, dhahabu, shabu na hata neno madini ni maneno yaliyotufikia kutoka Kiarabu. Mfanyabiashara wa pwani aliyeuza shabu ya kutibu vidonda alitumia jina lile lile lililotumika katika maduka ya Kufa. Neno al-kuhl, ambalo ni wanja wa macho, lilisafiri mpaka Ulaya likabadilika maana na kuwa alkoholi. Neno al-qali, majivu ya mimea yanayotumika kutengenezea sabuni, limekuwa alkali katika vitabu vya shule.

KAZI ZA MIKONO

Vitabu vya Jabir vinasisitiza tajriba, yaani kujaribu kwa mikono na kuangalia matokeo. Vinaeleza namna ya kuunguza jiwe mpaka liwe unga, kuyeyusha, kuchuja, kugandisha chumvi, na kupasha kitu moto mpaka kipande juu kama moshi kisha kigande kikiwa safi. Vinaeleza pia kazi ya chombo kiitwacho anbiq. Kitu huchemshwa chini, mvuke wake hupanda kwenye kichwa cha chombo, hupoa, kisha hutiririka kwenye mdomo mrefu na kudondoka upande wa pili ukiwa maji safi. Kwa njia hiyo hiyo ndivyo yanavyotengenezwa marashi ya waridi ambayo wazee wetu huyanyunyiza kwa mrashi katika maulidi na harusi. Al-Kindi wa Baghdad, aliyefariki yapata mwaka 260 Hijria (873 Miladia), ana kitabu kizima kuhusu manukato na utengenezaji wake kwa njia hiyo.

Jambo jingine ni chumvi ya nushadir. Wayunani wa kale hawakuipa nafasi katika kazi zao, lakini vitabu vya Jabir vinaieleza kwa kirefu, pamoja na namna ya kuipata kwa kupika nywele, damu na vitu vingine vya wanyama. Kiko pia kitabu cha sumu na kukinga madhara yake, kinachozipanga sumu kwa asili zake: za wanyama, za mimea na za mawe.

Vilevile viko vitabu vya mizani. Humo Jabir anadai kuwa kila kitu kimeumbwa kwa kipimo cha joto, baridi, ukavu na unyevu, na kwamba kipimo hicho kinaweza kuhesabiwa. Wazo kwamba maumbile yana vipimo ni wazo jema, na sayansi ya baadaye imesimama juu ya mizani. Lakini humo humo mna madai kuwa kipimo cha kitu hujulikana kwa kuhesabu herufi za jina lake. Hilo halikuthibitishwa na jaribio lolote, na mwanafunzi asilichukue kuwa elimu.

MZOZO JUU YA VITABU VYAKE

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo makala nyingi kuhusu Jabir huliruka, nasi tunaona ndilo lenye faida kubwa zaidi kwa wanafunzi wa dini.

Vitabu vinavyobeba jina lake ni vingi kupita kiasi. Kuna mkusanyo wa vitabu 112, mkusanyo wa vitabu 70, wa vitabu vya mizani 144, na wa vitabu 500. Mtafiti Paul Kraus, aliyechapisha kazi yake mjini Cairo mwaka 1942 na 1943, aliorodhesha vichwa karibu 3,000, ingawa vingi ni risala fupi na vingi vimepotea. Je, mtu mmoja anaweza kuandika yote hayo?

Swali hili si la Wazungu wa leo. Liliulizwa na Waislamu wenyewe zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ibn an-Nadim, mnakili na muuza vitabu wa Baghdad, aliandika mwaka 377 Hijria (987 Miladia) orodha maarufu ya vitabu iitwayo al-Fihrist. Anaeleza kuwa baadhi ya wanazuoni na wauza vitabu wenzake walisema Jabir hakuwahi kuwepo kabisa, na wengine wakasema kuwa kama alikuwepo basi aliandika kitabu kimoja tu. Yeye mwenyewe hakukubali. Hoja yake ni kwamba hakuna mwenye akili atakayekaa na kuchosha mwili na fikra zake akiandika karatasi elfu mbili, kisha akampa mtu mwingine sifa ya kazi hiyo. Ibn an-Nadim anasimulia pia kuwa katika zama za mtawala Izz ad-Dawla kulifukuliwa chumba Kufa, kikakutwa kinu chenye dhahabu ya takriban ratili 200, na mtu mmoja akamwambia kuwa mahali hapo palikuwa nyumba ya Jabir. Anataja tena kuwa makundi mbalimbali yalimgombania, Mashia wakisema ni wetu, wanafalsafa wakisema ni wetu, na watu wa kimia wakisema ndiye kiongozi wetu.

Zama hizo hizo mwanafalsafa Abu Sulayman as-Sijistani, naye wa Baghdad, alidai kuwa anamjua mtu wa Mosul aliyekuwa akiandika vitabu hivyo na kuvipachika jina la Jabir. Karne nyingi baadaye, Kraus alionyesha kuwa istilahi nyingi zilizomo zinafanana na za vitabu vya Kiyunani vilivyofasiriwa katika karne ya tatu Hijria, yaani baada ya mwaka anaotajwa kufariki Jabir. Akahitimisha kuwa sehemu kubwa ni kazi ya kundi la waandishi wa vizazi vya baadaye. Mwanachuoni Fuat Sezgin wa Uturuki, aliyefariki mwaka 2018, alimpinga na kutetea ukale wa vitabu hivyo. Watafiti wengi leo wanakubali kuwa mikono iliyoandika ni zaidi ya mmoja.

Mwanafunzi wa madrasa asishangazwe na mjadala huu. Sisi tunasoma kuwa maulamaa wa hadithi hawakupokea maneno kwa sababu tu yametajiwa jina tukufu. Waliuliza: nani kakwambia, naye kaambiwa na nani, walikutana wapi, na huyo msimulizi ni mkweli na mwenye hifadhi nzuri? Ikiwa hata maneno aliyonasibishiwa Mtume (S.A.W.) yalipimwa kwa isnadi, itakuwaje kitabu cha kupika dhahabu kipokelewe bila kupimwa? Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuthibitisha habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta.

JINA LAKE LAVUKA BAHARI

Elimu ya kimia iliingia Ulaya kupitia Hispania ya Waislamu. Mwaka 1144 Robert wa Chester alimaliza kufasiri kwa Kilatini kitabu kinachonasibishwa na mwanamfalme wa Bani Umayya, Khalid bin Yazid, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa cha kwanza cha kimia kutoka Kiarabu. Gerard wa Cremona, aliyefanya kazi mjini Toledo na kufariki mwaka 1187, alifasiri vitabu 70 vya Jabir. Kuanzia hapo jina la Geber likawa kubwa.

Jina likishakuwa kubwa hupata wa kulitumia. Kuelekea mwisho wa karne ya 13 kilitokea Ulaya kitabu cha Kilatini kiitwacho Summa Perfectionis, kikidaiwa kuwa cha Geber. Kilinakiliwa tena na tena, na katika makusanyo ya miswada ya kimia ya zama hizo kikawa miongoni mwa vitabu vilivyotegemewa sana. Lakini asili yake ya Kiarabu haikupatikana. Watafiti, hasa William Newman aliyekihakiki mwaka 1991, wanaona mwandishi ni Paul wa Taranto, mtawa wa Kifransisko wa Italia. Badala ya kuweka jina lake aliweka la Mwislamu wa Kufa, kwa kuwa ndilo lililokuwa na soko. Vitabu vingine vya Kilatini vilifuata kwa jina hilo hilo, na humo ndimo yalimoelezwa maji makali ya kuyeyusha fedha. Kwa hiyo tunaposoma kuwa Jabir ndiye aliyegundua maji hayo, tujue kuwa habari hiyo imetoka katika vitabu ambavyo hakuviandika.

Huku upande wa Waislamu kazi ya kukusanya na kueleza iliendelea. Al-Jildaki aliyeishi Misri katika karne ya 8 Hijria alisafiri miaka mingi akitafuta vitabu vya kimia, akavitolea sherehe, na kunukuu vipande vya vitabu ambavyo leo vimepotea. Bila wanakili na washereheshaji kama yeye, tusingekuwa na cha kujadili.

MAULAMAA WALISEMAJE KUHUSU KUPIKA DHAHABU?

Isidhaniwe kuwa Waislamu wote waliamini dhahabu inapikika. Al-Kindi aliandika kuwapinga wenye madai hayo. Tabibu mkubwa Abu Bakr ar-Razi, aliyefariki mwaka 313 Hijria (925 Miladia) na ambaye aliandika kuhusu tofauti ya ndui na surua, alimjibu al-Kindi akiitetea kimia. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037 Miladia), alisema watu wa kimia wanaweza kuipaka risasi rangi ikafanana na fedha au dhahabu, lakini dhati yake hubaki ile ile.

Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 779 Hijria (1377 Miladia), alimtaja Jabir kuwa ndiye imamu wa waandishi wa kimia, lakini akaandika mlango mzima kueleza madhara yake. Alisema wengi wanaoikimbilia ni watu walioshindwa kutafuta riziki kwa njia za kawaida, yaani kilimo, biashara na kazi za mikono. Akaongeza kuwa Ibn Sina aliyeikanusha alikuwa waziri mwenye mali, na al-Farabi aliyeikubali alikuwa fukara. Alieleza pia jinsi matapeli wanavyopaka fedha rangi ya dhahabu na kuwauzia watu.

Wanafunzi wetu wanakijua kisa cha Qarun katika Surat al-Qasas, aliyejigamba kuwa mali yake ameipata kwa elimu aliyonayo. Baadhi ya wafasiri walisema elimu hiyo ilikuwa kimia. Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 774 Hijria (1373 Miladia), aliikataa kauli hiyo akieleza kuwa kugeuza dhati za vitu hakumwezi yeyote isipokuwa Allah (S.W.), na kwamba wanaodai hivyo wanafanya ujanja wa kupaka rangi tu.

Sayansi ya leo inatupa maelezo yake. Dhahabu ina protoni 79 katika kiini cha atomu yake, zebaki ina 80 na risasi ina 82. Moto wa tanuri hauwezi kugusa kiini hicho hata ukichochewa mwaka mzima. Mwaka 1941 wanasayansi nchini Marekani waliweza kugeuza zebaki kuwa dhahabu kwa mashine kubwa ya kurushia chembe, lakini ilikuwa kidogo mno, tena yenye mnururisho isiyodumu. Gharama yake haina mlinganisho na thamani yake.

DHAHABU ILITOKA WAPI?

Wakati watu wa Baghdad wakipuliza matanuri yao, dhahabu ya kweli ilikuwa ikisafiri kwa majahazi kutoka upande wetu huu wa Afrika. Al-Mas'udi, aliyefika pwani yetu mwaka 304 Hijria (916 Miladia), aliitaja Sofala kuwa nchi yenye dhahabu nyingi. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 731 Hijria (1331 Miladia) alielezwa kuwa unga wa dhahabu huletwa Sofala kutoka bara. Biashara hiyo iliupa utajiri mji wa Kilwa na misikiti yake. Ilipatikana kwa kuchimba, kuosha, kubeba na kuvuka bahari. Hakuna hata chembe iliyotoka katika al-iksir.

Kuanzia enzi hizo mpaka leo hatua hizo hazijabadilika sana kwa mchimbaji mdogo. Katika machimbo ya mkoa wetu wa Mara mawe husagwa kwenye karasha, unga huoshwa kwenye mwalo, kisha humwagiwa zebaki ambayo hushika chembe za dhahabu. Donge hukamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa motoni. Zebaki hupanda kama mvuke na dhahabu hubaki. Mvuke huo hauonekani vizuri wala hauna harufu ya kumshtua mtu, lakini ni sumu inayoharibu neva, figo na mtoto aliyemo tumboni mwa mama yake. Mahali pengi donge huchomwa nyumbani, pengine kwa sufuria au kikaango ambacho baadaye hurudishwa kupikia. Madhara ya zebaki ndiyo yaliyoyafanya mataifa kupitisha Mkataba wa Minamata mwaka 2013, ambao Tanzania nayo imeuridhia.

Hapa ndipo elimu ya Jabir inapotufaa. Wataalamu huwashauri wachimbaji wasiache mvuke uende hewani, bali wachomee donge ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba refu linalopozwa kwa maji. Mvuke wa zebaki hupoa ndani ya bomba na kudondoka ukiwa zebaki tena, kisha hutumika upya. Mwanafunzi aliyesoma vizuri sehemu ya juu ataitambua kazi hiyo: ni ile ile ya anbiq. Chombo kilichotengeneza marashi kinaweza kulinda mapafu ya kaka na baba zetu.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Tuwaheshimu wanazuoni wetu kwa ukweli. Kumpa Jabir ugunduzi wa watu wengine si kumtukuza, maana siku uongo unapofichuka hata lile la haki yake hutiliwa shaka.

2. Jina kubwa halitoshi kuwa dalili. Leo pia wako wanaotaja majina ya masheikh wakubwa na vitabu vya kale ili wauze dawa, hirizi na siri za utajiri. Tuwaulize isnadi, na tuwaulize matokeo.

3. Tujihadhari na wanaoahidi kuzidisha dhahabu au fedha kwa dawa. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini limelowa, akamkemea muuzaji vikali kwa kuficha aibu ya bidhaa. Anayepaka shaba rangi ya dhahabu yuko katika hukumu hiyo hiyo. Mwenye tamaa naye ndiye mteja wake wa kwanza, kwa hiyo tuitibu tamaa kwanza.

4. Riziki ya halali ina njia zake: shamba, mifugo, biashara, ufundi na elimu. Uchimbaji nao ni kazi ya halali ukifanywa kwa kufuata sheria na bila kuwadhuru wengine. Mzazi asimtoe mtoto shuleni au madrasa kwa ajili ya mwalo. Dhahabu ya duara huisha, na mwaka wa masomo uliopotea ni mgumu kuurudisha.

5. Zebaki isichomwe ndani ya nyumba, wala karibu na watoto na wajawazito, na chombo chake kisirudi jikoni. Kujilinda na kuwalinda wengine dhidi ya madhara ni katika mafundisho ya dini yetu.

6. Wanafunzi wapende somo la kemia. Maabara, mizani na mirija ya kioo ni vitu ambavyo mababu zetu katika Uislamu walivitolea jasho. Na mwenye kipaji asisite kusoma mpaka chuo kikuu ili arudi kuwasaidia watu wa Tarime.

Hayo ndiyo tuliyoweza kuyakusanya kuhusu Jabir bin Hayyan na vitabu vyake. Yaliyo sahihi ni kwa tawfiki ya Allah (S.W.). Tunamuomba awarehemu wanazuoni wote walioacha elimu yenye manufaa, awape wanafunzi wetu fahamu na subira ya kusoma, awalinde vijana wetu walioko machimboni, na atujaalie riziki ya halali yenye baraka. Aamin.

Wabillahi tawfiq.